Sultani Mkarimu wa Kilwa na Watu Ishirini Wasio na Majina

Kama unasoma ualimu wa Historia hapa Chang'ombe na mwaka huu unakwenda TP, kuna uwezekano mkubwa utakabidhiwa kidato cha kwanza au cha pili, na mojawapo ya mada utakazozikuta mezani ni miji ya pwani. Utasimama ubaoni, utaandika "Kilwa", utataja dhahabu, pembe za ndovu, watumwa, Ibn Battuta 1331, Wareno 1505. Dakika 40 zimekwisha, kengele hiyo. Madesa mengi yanayozunguka hosteli yanaishia hapo hapo, na wanafunzi wanakariri orodha kama wanavyokariri bidhaa za duka.

Na sisi tulio Temeke hatuna kisingizio. Kila siku tunapanda na kushuka kwenye Barabara ya Kilwa, tunagombania daladala za Mbagala, tunaelekezana "shuka Kilwa Road", na jina hilo limeshakuwa jina la foleni tu. Kwa hiyo naomba tukae na mtu mmoja wa huko barabara inakoelekea, tumsome kama mwanahistoria anavyotakiwa kusoma. Anaitwa Hasan bin Sulaiman, sultani wa Kilwa katika miongo ya mwanzo ya karne ya 14. Watafiti wengi huweka mwisho wa utawala wake karibu na mwaka 1333. Watu walimpa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Neno hilo *mawahib* linatoka kwenye shina moja na neno letu "hiba", lile lile la kumwandikia mtu shamba kwa hiba.

Tuanze na ukoo. Hasan hakutoka katika ule ukoo wa kwanza wa Kilwa uliojinasibu na Shirazi. Yeye ni wa Mahdali, waliochukua madaraka karibu mwaka 1277 chini ya babu yake, Hasan bin Talut. Tarihi ya Kilwa, iliyoandikwa kwa Kiarabu katika karne ya 16, inasema kijana huyu aliondoka nyumbani akiwa na miaka 14 kwenda kuhiji Makka, akapitia Aden akasoma huko miaka miwili. Akiwa bado ugenini baba yake akafariki. Ndugu yake Daud akashika nchi kwa niaba yake, na Hasan aliporudi, Daud akamwachia kiti. Ukisoma historia za falme, iwe za huku au za kwingine, utajua jambo hilo si la kawaida. Ndugu waliokalia kiti cha ndugu zao kwa kawaida hawainuki wenyewe. Mkumbuke huyu Daud, tutarudi kwake.

Sasa vyanzo, maana hapa ndipo mwalimu mzuri anapoachana na desa. Kuhusu Hasan tunavyo vya aina tatu. Kuna tarihi niliyoitaja, pamoja na toleo jingine lake lililoingizwa na Mreno João de Barros katika kitabu alichokitoa mwaka 1552. Kuna vitu vyenyewe: majengo, sarafu, jiwe lenye jina lake, vigae. Na kuna shahidi mmoja tu aliyemwona kwa macho, Ibn Battuta wa Tangier, aliyefika Kilwa mwaka 1331 baada ya kupita Mogadishu na kulala usiku mmoja Mombasa.

Lakini huyo shahidi hakuandika Kilwa. Alisafiri miaka mingi baadaye hadi India, Maldivi na kwingineko, akarudi Morocco, na simulizi lake likaandikwa Fez na kukamilika mwaka 1355 kwa amri ya sultani wa huko. Yaani miaka 24 baada ya kuiona Kilwa. Na aliyeshika kalamu si yeye, ni karani aitwaye Ibn Juzayy, mwenyeji wa Granada kusini mwa Uhispania, aliyekuwa amemtumikia sultani wa Granada, Yusuf wa Kwanza, kabla ya kuhamia Fez. Kwa hiyo ukurasa maarufu kuliko yote kuhusu pwani yetu umepita katika kumbukumbu ya msafiri aliyekuwa ameona nusu ya dunia, kisha katika mkono wa karani Mwandalusi ambaye hakuwahi kuiona Kilwa.

Mfano wa kwa nini hilo ni muhimu: simulizi linasema Kilwa ni miongoni mwa miji mizuri kabisa, imejengwa vizuri, na kwamba nyumba zake ni za mbao na paa za makuti au majani. Nenda Kilwa Kisiwani leo uone. Mawe ya matumbawe kila upande. Msikiti Mkuu ulikuwa wa mawe kabla Ibn Battuta hajazaliwa. Je, msafiri alisahau? Karani alichanganya miji? Au watu wengi wa kawaida kweli waliishi nyumba za miti na udongo, na mgeni akaona hizo zaidi? Jibu la tatu mimi naliona lina nguvu, kwa sababu miji yetu mpaka leo iko hivyo: ghorofa chache zinapigwa picha, watu wengi wako kwingine. Ila simulizi limesema zote, na hapo ndipo utata unabaki.

Haya, twende kwenye kisa chenyewe. Ilikuwa Ijumaa. Sultani ametoka kuswali, anarudi nyumbani, akasimamishwa njiani na fakiri mmoja kutoka Yemen. Fakiri akamwita kwa lakabu yake, yule baba wa zawadi. Sultani akamwitikia na kumuuliza shida yake. Akasema anataka nguo hizo hizo ulizovaa. Akaahidiwa atapewa. Akasema, sasa hivi. Basi sultani akarudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri aje achukue. Fakiri akazifunga kwenye kitambaa, akajitwika kichwani, akaenda zake. Watu wakastaajabu. Mtoto wa sultani, aliyekuwa mrithi, akamfuata fakiri, akazichukua zile nguo na kumpa badala yake watumwa kumi. Habari za sifa za watu zikamfikia baba, naye akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Simulizi linaongeza kwamba zawadi nyingi za huko ni pembe, dhahabu ni nadra kutolewa.

Walimu wengi hukisimulia kisa hiki kama ushahidi wa ukarimu na unyenyekevu wa mtawala wa Kiafrika, na darasa hukipenda. Ni kizuri kweli. Sultani anayevua nguo kwa ajili ya maskini! Anayekula pamoja na mafakiri na kuwaheshimu wasomi! Kwa miaka mingi vitabu vya kikoloni vilisema Afrika haikuwa na dola wala watawala wa kuheshimika, ndiyo maana kizazi cha kwanza cha wanahistoria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wale wa wakati wa Kimambo na Temu na kitabu chao cha 1969, walijitahidi kuonyesha kwamba dola zilikuwepo na zilikuwa na watu wenye akili. Kazi hiyo ilihitajika. Siidharau hata kidogo.

Ila hesabu tena. Kumi, kisha kumi. Watu ishirini wameondoka Kilwa siku ile au siku za karibu, wakaandamana na mtu aliyekuwa hana hata kanzu ya kubadili. Tunajua fakiri alitoka Yemen. Tunajua siku ilikuwa Ijumaa. Tunajua hata nguo zilifungwa kwenye kitambaa na zikabebwa kichwani. Kuhusu wale ishirini, hakuna jina, hakuna umri, hatujui kama walikuwa wanaume au wanawake, wala kama walipanda chombo kwenda Aden au waliuzwa palepale sokoni kabla jua halijazama. Maana fakiri atawalisha nini watu ishirini?

Walitoka wapi? Simulizi lenyewe linajibu aya chache tu kutoka hapo. Linasema sultani alikuwa akifanya mashambulizi mara kwa mara katika nchi ya Wazanji, anateka ngawira, na anatenga khumsi, sehemu moja ya tano, kuitumia kama Kurani ilivyoelekeza. Fungu la masharifu liliwekwa katika hazina ya peke yake, na masharifu walikuwa wanakuja kutoka Iraki, Hijazi na kwingineko kulichukua. Kwa maneno ya leo, hapo ndipo fedha za ukarimu zilikuwa zinatoka, pamoja na ushuru wa bandari. Ukarimu ulikuwa na bajeti, na sehemu ya bajeti hiyo ilikuwa watu wa bara.

Na angalia hili neno Wazanji. Simulizi linasema wakazi wengi wa Kilwa yenyewe ni Wazanji, weusi sana, wana chale usoni. Halafu linasema sultani anavamia nchi ya Wazanji. Ni neno moja kwa wale walioko ndani ya msikiti na wale waliofungwa kamba. Kwa hiyo yule anayesema darasani kwamba habari hii ni ya "Waarabu kuwakamata Waafrika" hajasoma vizuri, na yule anayesema ni ndugu kwa ndugu hivyo haikuwa mbaya, naye hajasoma vizuri. Kilichowatenganisha kilikuwa dini, mji, na nani ana silaha na chombo. Profesa Felix Chami na wanaakiolojia wengine wameonyesha vya kutosha kwamba miji hii ilikua kutoka kwa jamii za wakulima na wavuvi wa pwani hii hii, haikupandikizwa kutoka ng'ambo. Tukishakubali kwamba Kilwa ni yetu, basi na mashambulizi ya Hasan ni yetu. Huwezi kuchukua Husuni ukaacha khumsi.

Nimeitaja Husuni. Kama kuna kitu kinachoonyesha ukubwa wa ndoto za mtu huyu ni Husuni Kubwa, kasri lililojengwa juu ya mwamba ukingoni mwa bahari, nje kidogo ya mji. Neville Chittick alilichimba katika miaka ya 1960. Vyumba vyake vinazidi 100. Kuna nyua zilizoshushwa chini zenye ngazi pande zake, kuna eneo kubwa linaloelekea lilikuwa la ghala na biashara, na kuna lile bwawa la kuogea lenye pembe nane ambalo kila mtalii anapigia picha. Lilipatikana jiwe lililochongwa jina lake kwa maandishi ya Kiarabu, na chupa ya kauri ya China ya enzi ya Yuan. Neno "husuni" ni Kiarabu *hisn*, ngome. Neno hilo hilo limejificha katika majina ya miji ya kusini mwa Uhispania, kama Iznájar na Aznalfarache. Pwani ya Lindi na Andalusia, neno moja.

Lakini jengo halikuwahi kukamilika. Baadhi ya sehemu hazikumalizwa, na lilikaliwa muda mfupi tu likaachwa. Upanuzi mkubwa wa Msikiti Mkuu unaohusishwa na wakati wake nao uliporomoka. Makuba na nguzo tunazoziona leo ni zaidi kazi ya ukarabati wa karne ya 15. Mtu wa uhandisi akisoma hapa atacheka. Mtu wa uchumi atauliza swali jingine: pesa ziliishia wapi?

Pesa zilikuwa nyingi, tusidanganyane. Kilwa ilishika Sofala, katika Msumbiji ya leo, na Sofala ndiyo iliyokuwa mlango wa dhahabu ya nyanda za juu za Zimbabwe. Sarafu ya shaba yenye jina la Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu kwenyewe, mamia ya kilomita kutoka baharini. Sarafu zake zina jambo moja linalopendeza: upande mmoja jina lake, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mola mwenye neema, na pande mbili hizo zina vina. Geuza sarafu upate kina cha pili. Sisi watu wa mashairi tunaelewa. Ila shaba hizo zilikuwa kwa matumizi ya hapa hapa. Dhahabu ilipita tu bandarini ikielekea Aden, Misri na India. Na ndiyo maana zawadi zilikuwa pembe na watu. Dhahabu ni ya biashara, watu ni wa kugawa. Nikifika hapo huwa naona simulizi limesema zaidi ya lilivyokusudia.

Sasa linganisha na Granada, kwa sababu ni nadra kupata msafiri mmoja aliyefika kwenye milango ya masultani wawili namna hii. Ibn Battuta alifika Granada mwaka 1350. Yusuf wa Kwanza, aliyeanza kutawala 1333, yaani karibu na mwaka Hasan alipofariki, alikuwa mgonjwa, hivyo msafiri hakumwona. Mama wa sultani ndiye aliyempelekea dinari za dhahabu za matumizi. Naye Yusuf alikuwa mjenzi: lango kubwa la Alhambra liitwalo Lango la Haki ni la 1348, na mwaka uliofuata ikafunguliwa madrasa yake mjini. Lakini alitawala nchi iliyobanwa. Alishindwa vitani mto Salado mwaka 1340, akapoteza bandari ya Algeciras mwaka 1344, na mwaka 1354 alichomwa kisu na kuuawa msikitini, siku ya Idi. Alhambra inaingiza watalii mpaka leo, inaitwa fahari ya ustaarabu, na chini yake yamebaki mashimo walimofungiwa mateka. Hao nao ukisoma vipeperushi vya utalii huwaoni sana.

Sileti Granada kusema "kila mtu alifanya, tusijilaumu". Naileta kwa sababu wanahistoria wa Andalusia wamebishana kwa miongo mingi juu ya jambo hili hili: unamwandikaje mtawala aliyejenga vizuri, aliyependa wasomi, na ambaye utajiri wake ulikuwa na watu ndani yake? Wengine wakachora pepo ya maelewano, wengine wakachora jehanamu. Sisi kuhusu Kilwa hatujabishana hata robo. Tuna orodha ya bidhaa tu.

Turudi kwa Daud, kama nilivyoahidi. Hasan alipofariki, Daud ndiye aliyetawala. Simulizi la Ibn Battuta linamchora kama kinyume kabisa cha ndugu yake: ombaomba akija, anajibiwa kwamba aliyekuwa anatoa amekufa na hakuacha kitu. Wageni wanakaa miezi wanasubiri, wanapewa kidogo, mpaka wakaacha kuja. Bahili, basi? Soma polepole. Kwanza, Ibn Battuta aliondoka Kilwa Hasan akiwa hai, kwa hiyo habari ya Daud aliisikia kwa watu, na watu wanaozunguka dunia kusimulia habari za masultani ni wale wale wanaoishi kwa zawadi zao. Mtu aliyenyimwa ndiye anayesimulia. Pili, hilo jibu lina sehemu mbili, na sisi huwa tunasikia ya kwanza tu. Hakuacha kitu! Daud ndiye aliyeshika nchi Hasan akiwa Aden. Aliijua hazina kabla na baada. Alikuta kasri halijaisha na foleni ya masharifu mlangoni. Huenda alikuwa mtu wa kwanza katika habari hii yote aliyefungua daftari akasoma hesabu.

Hapa ndipo somo linatugusa sisi wa leo. Nchi hii ina neno lake kwa ukarimu wa mwenye kutaka au mwenye kushika madaraka: takrima. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa ikairuhusu, kwa hoja kwamba ni utamaduni wetu kukirimu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu hivyo katika kesi iliyofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na wenzao, kwa sababu mgombea asiye na kitu hawezi kushindana na mwenye kitu, na kwa sababu mpaka kati ya takrima na rushwa haukuonekana. Lakini tabia haifutwi na hukumu. Kila msimu wa kampeni za serikali ya wanafunzi, tisheti, chipsi kuku na vocha vinatembea, na mgombea asiyetoa anaitwa mkavu. Hakuna anayeuliza zilikotoka. Tunakuwa kama wale watu wa Kilwa siku ya Ijumaa: tumesimama njiani tunamsifu mtoaji, na sifa zetu zenyewe ndizo zinazomfanya aongeze kumi wengine. Angalia kisa tena, ndivyo kinavyosema. Kumi wa pili walitoka baada ya sifa za watu kumfikia sultani.

Kwa wanaokwenda TP, pendekezo langu ni hili. Wape wanafunzi kisa cha fakiri kwa Kiswahili chako mwenyewe, nusu ukurasa tu. Waambie waandike majina ya watu wote waliomo. Watakupa sultani, Ibn Battuta, pengine Daud. Kisha waambie wahesabu watu wote waliomo, wenye majina na wasio nayo. Usiwaambie mapema namba watakayoipata. Kipindi cha pili, wape habari ya khumsi na mashambulizi, waambie waunganishe. Kidato cha pili wanaweza kabisa; nimeona wanafunzi wa umri huo wakibishana kuhusu penalti ya Simba na Yanga kwa ushahidi kuliko sisi kwenye semina.

Na ukipata nafasi, nenda. Panda basi la kusini pale Mbagala, pita Mkuranga, Kibiti, vuka Rufiji kwenye Daraja la Mkapa, Somanga, shuka Nangurukuru utafute gari la Kilwa Masoko, halafu boti hadi kisiwani. Magofu haya yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, yakawekwa katika hatari 2004, yakatolewa kwenye hatari 2014 baada ya ukarabati. Wengi wanaishia Msikiti Mkuu na Gereza kwa sababu viko karibu na wanakoshukia. Husuni Kubwa iko mbele zaidi, unatembea. Ukifika usikimbilie bwawani. Anza na upande wa maghala, uangalie ukubwa wa nafasi ile, ujiulize ilikuwa imejengwa ili kuweka nini.